Siku Mashine ya Mzee Melkior Iliponyamaza

Majimoto kila mtu kazi yake inajulikana. Huyu anakoboa mpunga, huyu anachunga, yule ana pikipiki, yule anauza chai mbele ya kituo cha afya. Kazi ya Nyanzala ndiyo ilikuwa inawashinda watu kuitaja. Alisoma mpaka Dodoma, akarudi na shahada ya saikolojia, akaanza kujitolea pale kituoni wakati anasubiri ajira, na kila ukipita unamkuta amekaa kwenye mkeka na mtu, wanaongea. Siku nyingine hata hawaongei. Wamekaa tu.

"Sasa huyo mtoto wa Malale walimsomesha akae?" aliuliza siku moja Suzana, mama muuza chai.

"Anasikiliza watu," alimjibu kijana mmoja aliyekuwa anachovya andazi.

"Hata mbuzi wangu anasikiliza. Nimpeleke Dodoma?"

Watu wakacheka. Nyanzala alikuwa palepale nyuma yao, anasubiri kikombe chake. Akacheka na yeye.

"Mpeleke tu mama," alisema. "Ila akirudi ataanza kukuuliza kwa nini unamfunga kamba."

Suzana alimtazama, akamwongezea andazi la bure. Kwa Suzana hiyo ndiyo namna ya kuomba radhi, nyingine hana.

Nyanzala ni binti wa Mzee Malale, Msukuma aliyekuja huku Mpimbwe, Katavi, na ng'ombe wake kutoka Meatu, miaka ile malisho yalipokauka kwao. Walikuja kwa miguu, wanaume mbele na mifugo, wanawake nyuma na masufuria kichwani. Mwaka waliofika hawakuvuna kitu, na ndio mwaka aliozaliwa huyu binti, wakamwita Nyanzala, mtoto wa njaa. Mama yake anapenda kusema kwamba mtu uliyempa jina la njaa usimshangae akikataa kushiba. Wenzake walishiba shule mapema, mmoja darasa la nne, mwingine la saba. Yeye akaendelea kula.

Lakini sababu yenyewe ya kusoma alichosoma haikuwa jina. Ilikuwa kaka yake.

Kaka yake anaitwa Nyanda, kifungua mimba wa Malale, ndiye aliyeshika fimbo ya ng'ombe nyumbani. Nyanzala alipokuwa bado yuko shule ya msingi, Nyanda alinyamaza. Haikuanza kwa kelele. Kwanza aliacha kumaliza chakula, halafu akaacha kuchunga, halafu akawa anashinda amekaa kwenye gogo pale mlangoni pa zizi, jua linamhama na yeye hahami. Ukimwita haitiki. Watu wakasema ni mambo ya watu. Mzee Malale akampeleka kwa waganga, huyu akamtuma kwa yule, ng'ombe wakawa wanaondoka zizini na kijana anarudi vilevile.

Nje ya boma habari hiyo haikutoka. Kwa Wasukuma, watu wakija kuposa wanauliza kwanza nyumba. Kuna kifafa humo? Kuna mtu wa kichwa? Wakisikia kuna, wanaaga vizuri na hawarudi. Mzee Malale alikuwa na mabinti watatu na kijana huyo mmoja mkubwa. Akasema neno moja, na nyumba nzima ikalishika: "Ya zizini yanabaki zizini."

Nyanzala alikuwa akitoka shule anaweka daftari ndani, anakwenda kukaa pembeni ya kaka yake kwenye lile gogo. Hakumuuliza kitu. Hakumtazama usoni. Wote wawili walikuwa wanatazama ng'ombe. Jioni nyingi zilipita hivyo, mama akipita na maziwa anawaacha. Mpaka jioni moja Nyanda akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamka, "Ile nyekundu inachechemea."

Nyanzala hakuruka wala hakumwita mama. Alisubiri kidogo, akauliza, "Mguu gani?"

"Wa nyuma."

Wakaanzia hapo, kwenye mguu wa ng'ombe. Baadaye mama yao akapata moyo wa kumpeleka Nyanda hospitali Mpanda mjini, akapewa dawa, akapata na mtu wa kuongea naye, akapona polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Leo ana pikipiki, anabeba abiria Majimoto mpaka Usevya, na anaongea mpaka abiria wanamwomba apumzike.

Haya yote Nyanzala alikuwa nayo moyoni siku alipokaa na Jeniffer kujaza maombi ya masta.

Jeniffer ni muuguzi pale kituoni, Mfipa mwenye mdomo, na ndiye mwenye kompyuta. Nyanzala alikuwa anaomba kusomea saikolojia tiba, chuo kimoja cha Dar es Salaam. Alitaka hivyo kwa sababu pale kwenye mkeka kuna mahali alikuwa anafika anakwama. Akija mtu aliyenyamaza kama Nyanda wa zamani, yeye hana ruhusa ya kumtibu. Anamwandikia rufaa aende mbali, na wengi hawaendi. Wanakunja ile karatasi wanaiweka kwenye khanga, wanarudi nayo makambini, kule porini wanakolima na kuchunga, na huko ndiko wanakomalizikia. Akisoma shahada hii ya pili, mtu wa namna hiyo angemaliza safari yake hapohapo Majimoto. Ila nafasi za darasa hilo ni chache, na waombaji wanatoka nchi nzima.

Jeniffer alisoma barua ya kujieleza ambayo Nyanzala alikuwa ameiandika, akairudia, akaegemea kiti.

"Nimemjua Dokta Laurence, mkuu wetu. Nimewajua wagonjwa. Nimejua hata mkeka umetoka wapi. Wewe uko wapi humu?"

"Si mimi ndiye ninayeandika?"

"Sijakuona. Umesifia watu wote mpaka mfagiaji."

"Mfagiaji ananisaidia sana, Jeni."

"Nyanzala."

"Sasa nijisifu? Kizuri chajiuza."

"Kikiwa sokoni. Soko lenyewe liko Dar, wewe uko Majimoto. Jitembeze." Jeniffer akavuta kompyuta. "Nyie Wasukuma bwana. Ng'ombe wenu mnawatungia nyimbo, mtu akiwauliza habari zenu wenyewe mnatazama vidole vya miguu. Na hapa je? Wameuliza kwa nini unataka kusomea haya, umejibu unapenda kusaidia watu. Hata mimi napenda kusaidia watu. Hata Suzana wa chai, akiamka vizuri. Kwa nini wewe?"

Nyanzala alijua kwa nini. Alitazama vidole vya miguu, kweli, na Jeniffer akaona kuna kitu, akafunga kompyuta bila kumsukuma.

"Nenda nyumbani. Tutamaliza kesho."

Jioni ile Nyanda ndiye aliyemrudisha kwa pikipiki. Walipofika Nyanzala hakuingia ndani. Alikwenda akakaa kwenye gogo, na Nyanda, ambaye anamjua, akaja akakaa pembeni yake. Ng'ombe walikuwa wanaingia. Wote wawili wakawatazama.

"Kaka, nataka kukuomba kitu. Ukikataa sitanuna."

"Sema."

"Chuo wanauliza kwa nini nataka kusomea haya."

"Waambie."

"Baba hataki itoke."

Nyanda alimfukuza ndama aliyekuwa anapita upande usio wake, akakaa tena. "Baba hakuumwa. Niliumwa mimi. Waambie ni kaka yako. Mimi nitaongea na mzee."

"Kweli?"

"Ila jina usitaje. Jina bado nalitumia kutafutia mke."

Walicheka mpaka mama yao akachungulia mlangoni.

Nyanda aliongea na baba yake kama alivyoahidi. Mzee Malale hakusema ndiyo na hakusema hapana. Ila siku hiyo nzima alikuwa anakwenda kufunga mlango wa zizi, na mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Nyanzala alimwona, ikamuuma, akakaribia kughairi. Asubuhi baba yake alipita karibu yake na fimbo, akasimama.

"Hiyo barua umeshaipeleka?"

"Bado, baba."

"Ipeleke," alisema, akaenda zake.

Maombi yakaenda. Msimu wa mavuno ukaingia, mpunga ukajaa barabarani, na kwa mambo ya kazi na ya shamba Nyanzala akakaa bila bando. Siku aliyonunua, meseji zikaingia kwa mkupuo kama kuku wanaofunguliwa. Moja ilikuwa ya chuo. Imekaa humo muda mrefu. Ameitwa kwenye usaili, kwa njia ya video. Kesho asubuhi.

Mpango wa zamani ulikuwa kwamba akiitwa atakwenda Mpanda mjini, kwenye mtandao wa uhakika. Basi lilikuwa limeshaondoka, na kwa pikipiki ni mbali mno. Pale kituoni mtandao ukiupata unapotea, na ndani ya kuta haupo kabisa. Jeniffer alizunguka na simu mkononi Majimoto yote kama mtu anayetafuta maji kwa fimbo, akarudi na jibu.

"Unashika vizuri sehemu moja tu. Ghala la Mzee Melkior. Liko chini ya mnara."

"Ghala limeungana na mashine."

"Najua."

Mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Melkior ikiwaka, ukiwa pale hata mawazo yako huyasikii. Na msimu huo ilikuwa inawaka tangu alfajiri mpaka giza. Nyanzala alianza kusema basi, Mungu hakupenda. Mama yake, Mama Nyanda, alikuwa anapeta mchele na kusikiliza. Akaweka ungo chini, akajifunga khanga, akaondoka. Nyanzala akamfuata nyuma.

Walimkuta Mzee Melkior amejaa pumba mpaka kwenye kope.

"Melkior, kesho asubuhi uzime mashine."

"Mama Nyanda, angalia hiyo foleni. Imefika barabarani."

"Mwanangu anaongea na maprofesa."

"Wako wapi?"

"Dar. Watakuwa kwenye simu, humo ghalani kwako."

Mzee Melkior alijipangusa uso akazidi kuuchafua. "Mimi mashine hii nimesema msimu huu haizimwi. Labda msiba, au dizeli iishe."

"Basi kesho dizeli imeisha."

Alimtazama mama, akamtazama binti nyuma yake. "Imeisha," alisema. "Ila wakimshinda huyo mtoto, mama, njoo niwajibu mimi."

Kesho yake Nyanzala alivaa gauni lake la kanisani. Jeniffer aliegemeza simu kwenye debe, akaweka kiti mbele yake, akakagua picha: Nyanzala anaonekana kuanzia kifuani, na nyuma yake magunia. Akampangusa pumba begani, akatoka. Nyanzala akabaki peke yake. Kupitia ukutani alisikia mashine inakohoa, inapunguza, inazima.

Ukaja ukimya ambao hakuwahi kuusikia Majimoto. Alisikia njiwa wanatembea juu ya bati. Halafu akasikia sauti ya mtu nje, Dieudonne, mfanyabiashara anayekuja na Fuso kutoka Mishamo.

"Mimi nimelala hapa, leo mnanizimia mashine kwa ajili ya simu?"

"Kaka Dieudonne," hiyo ilikuwa sauti ya Nyanda, "ongea taratibu. Dada yangu akikosa chuo kwa sababu yako, mimi nitakusamehe. Lakini mama yule pale mlangoni unamwona?"

Kukawa kimya. Dieudonne alimwona.

Simu ikaita. Nyanzala akabonyeza, na kwenye kioo wakatokea watu watatu. Katikati alikuwa mzee mwenye nywele nyeupe kabisa, wa kumzaa baba yake. Kulia mama wa makamo mwenye miwani, kushoto mwanamume aliyekuwa anaandika.

"Karibu, binti," alisema yule mzee. "Mimi ni Profesa, mwenyekiti. Habari za Katavi?"

Sasa, Nyanzala alikuwa amejiandaa. Maswali alikuwa ameyapitia na Jeniffer, hili utajibu hivi, lile utajibu vile. Lakini hakuna aliyekumbuka kumwandaa kwa salamu. Binti wa Kisukuma aliyelelewa hasalimii mzee akiwa amekaa kitini. Magoti yalikwenda yenyewe. Kabla hajafikiri alikuwa chini kwenye sakafu, nyuma ya debe, anasema, "Shikamoo baba."

Huko Dar wakaona kiti na magunia.

"Mtandao umekata," ilisema sauti ya yule mama.

"Haujakata," alisema Profesa. "Kiti nakiona. Mwenye kiti ndiye ameondoka."

"Nipo, baba," alisema Nyanzala kutoka chini. "Nakusalimia."

Hapo ndipo alipojua alichofanya. Aliona masta inakwenda zake, na mkeka, na wale wa karatasi kwenye khanga, yote kwa sababu ya salamu.

"Marahaba, mama," alisema Profesa taratibu. "Inuka tukuone."

Akainuka akakaa. Yule mama wa miwani alikuwa hacheki. Alikuwa amesogea karibu na kioo chake.

"Mimi ni Dokta Lidia," alisema. "Nilikuwa na swali langu la kwanza hapa, ngoja niliache. Umempigia magoti Profesa kwa sababu ni mzee. Huko kwako wanakuja wanawake kukuona, au siyo? Na wao wanakupigia magoti?"

"Wanapiga, mama. Wengi."

"Unafanyaje?"

Hili hakuliandaa na Jeniffer. Akajibu kama lilivyo.

"Mwanzoni nilikuwa kwenye kiti. Mama anaingia, anapiga magoti kwenye saruji, ananisalimia, halafu anabaki hukohuko chini. Namuuliza vipi, anasema sijambo. Ametembea kutoka makambini anakuja kuniambia hajambo. Nikimwambia inuka, naona aibu inamshika, ni kama nimeikataa salamu yake. Basi nikaacha kiti. Nikaomba mkeka. Akipiga magoti na mimi napiga, tunasalimiana mpaka tunamaliza habari za watoto na za mvua, tukimaliza wote tuko chini. Hapo anaanza kusema."

"Na wanaume?"

"Wanaume siwaweki kwenye mkeka. Nakaa nao nje kwenye benchi, tunatazama upande mmoja, barabarani. Mwanaume wa kwetu ukimtazama machoni haongei. Anaongea akiwa anatazama ng'ombe."

"Hilo ulifundishwa Dodoma?"

"Hapana, mama. Nililipata nyumbani." Hapo ndipo palikuwa na lile gogo. "Kaka yangu aliugua, alinyamaza muda mrefu. Ameniruhusu niseme ni kaka yangu. Jina hakuniruhusu."

Akawaambia, yote, mpaka yule ng'ombe mwekundu. Yule mwanamume wa kushoto aliacha kuandika.

"Haya," alisema Dokta Lidia, na sauti yake haikulainika. "Hayo umefanya vizuri. Niambie uliyofanya vibaya. Kwenye hiyo kazi."

Nyanzala alifikiri. Kulikuwa na jibu la kusafisha, Jeniffer alikuwa amempa moja zuri. Akaliacha.

"Kuna mama mmoja alikuwa anakuja kila wiki, akaanza kuwa na nafuu. Nikakutana naye mnadani, nikafurahi, nikamkimbilia nikamsalimia mbele ya watu. Mawifi zake walikuwepo. Wakamuuliza yule wa kituoni amekujuaje. Hakurudi tena."

"Ulimtafuta?"

"Nilitaka kwenda kwake. Nikaona nikienda nitazidi kumwanika. Nikamwacha, na mpaka leo simjui alivyo. Sasa hivi mtu akija siku ya kwanza namwambia, tukikutana sokoni wewe ndiye utakayeanza kunisalimia. Usipoanza, hatujuani."

Waliuliza na mengine, ya vitabu. Yapo aliyoyajibu vizuri, na lipo moja la mahesabu ya utafiti alilolijibu nusu likamponyoka, na Dokta Lidia akaandika kitu, Nyanzala akaona kalamu inakwenda. Mwisho Profesa akachukua zamu.

"Binti, mimi nimefundisha wengi waliotoka mikoa ya mbali. Wanakuja na maneno matamu kama haya. Wakimaliza wanabaki hapahapa mjini. Wewe utarudi?"

Nyanzala alitazama ukuta.

"Baba, nilipo ni ghala la mashine ya mpunga. Nyuma ya ukuta huu kuna foleni ya watu, wamezimiwa mashine msimu wa mavuno ili mimi nisikike. Nisiporudi, nitapita wapi?"

"Wako hapo sasa hivi?"

"Wapo."

"Mbona siwasikii?"

"Wamenyamaza."

Profesa alivua miwani ya kusomea. "Nioneshe," alisema.

Nyanzala akachukua simu kwenye debe, akafungua mlango wa ghala. Mama yake alikuwa amesimama palepale, mikono kifuani. Nyuma yake watu wamekaa juu ya magunia yao kimya kama kanisani, wanaume, wanawake na watoto mgongoni, foleni imepinda mpaka barabarani. Dieudonne alikuwa amemziba mdomo mtoto wa mtu kwa kipande cha muwa. Mzee Melkior amesimama na mashine yake kama mtu aliyeshika dume kali kamba.

"Mama," alinong'ona Nyanzala, "Profesa."

Mama Nyanda aliona kwenye kioo zile nywele nyeupe. Akapiga magoti palepale kwenye pumba, mbele ya simu, akasalimia kwa Kisukuma, salamu yote, hakupunguza hata kipande.

Na huko Dar, Profesa akasimama. Alisimama wima kwa heshima, na kwa sababu alisimama, uso ukatoka kwenye picha. Majimoto wakaona tai peke yake, inainama.

Simu ilipokatika watu walimzunguka Nyanzala.

"Umepata?"

"Bado. Watajibu."

Dieudonne akashika kiuno. "Bado? Sasa sisi tumenyamaza bure?"

"Wewe umenyamaza bure," alisema Mzee Melkior, "tangu nikujue ndiyo mara ya kwanza, na hakuna aliyekulipa." Akawasha mashine, na hakuna aliyesikia Dieudonne alivyojibu.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Nyanzala alijisemesha moyoni kwamba lile swali la mahesabu ndilo lililomwangusha, halafu anajisemesha kwamba ni magoti. Safari hii hakukaa bila bando. Akawa anafungua simu hata pale asipopaswa kufungua. Ikaja siku yuko kwa Suzana, kikombe mkono huu, simu mkono ule, akasoma, akarudia kusoma, akaweka kikombe chini taratibu.

Suzana alimwona. "Nani amefariki?"

"Nimechaguliwa, mama."

"Kile cha kusikiliza?"

"Kilekile."

"Kumbe kusikiliza kuna masta?"

"Ipo."

Suzana aliinua birika kutoka motoni, kwanza hiyo, chai isije ikaungua. Halafu akapiga vigelegele ambavyo vilimtoa Jeniffer kituoni na sindano mkononi, na Nyanda akaja na pikipiki na abiria akiwa bado juu. Walipotulia Suzana akajifuta macho na upande wa khanga. "Yule mbuzi," alisema, "naye mnitafutie fomu."

Mnada uliofuata Mzee Malale alitoa dume lake jeusi, la ada. Alimwambia Nyanzala waende wote. Hakuwahi kwenda mnadani na binti, na Nyanzala hakuuliza kwa nini. Walisimama kwenye uzio wa mbao, vumbi limepanda, wafugaji wa Mpimbwe nzima wapo. Habari ilikuwa imeshafika. Mzee mmoja anayeitwa Method, mwenye ng'ombe wengi na maneno zaidi ya ng'ombe, akasogea.

"Malale, dume zuri hivyo unaliuzia nini?"

"Masomo ya huyu."

"Nasikia anakwenda kusomea wendawazimu." Wanaume wakacheka, si kwa ubaya. "Sasa sisi Majimoto wendawazimu tunao wapi? Atatibu nani, ng'ombe?"

Nyanzala alitazama chini. Alijua baba yake atajibu nini. Atacheka, ataliacha lipite, atafunga mlango wa zizi ambao umefungwa.

Mzee Malale alikuwa anatazama dume lake likizungushwa.

"Alianzia kwangu," alisema.

Method hakuelewa. "Alianzia nini?"

"Kutibu. Nyanda wangu alinyamaza, mnakumbuka alipotea machungani, mkauliza nikawaambia yuko kwa wajomba. Hakuwa kwa wajomba. Alikuwa mgonjwa wa kichwa, nyumbani. Mimi nilizunguka kwa waganga nikamaliza ng'ombe. Huyu, mtoto, daftari bado liko mkononi, ndiye aliyekaa naye mpaka akasema." Aligeuka akamtazama binti yake, mbele ya watu wote. "Kwa hiyo dume si zuri hivyo. Ningekuwa na zuri zaidi ningelileta."

Mnadishaji alikuwa anaita bei, na kwa muda hakuna aliyemjibu. Nyanda alikuwa upande wa pili wa uzio kwenye pikipiki yake, na alikuwa amesikia. Aliinua mkono, akaushusha, akajifanya anakaza kofia.

Dume likauzwa. Walipokuwa wanaondoka, Nyanzala akasikia mtu anawafuata. Alikuwa Mzee Method, peke yake, fimbo kwapani, maneno yote yamemwishia. Akatembea pembeni ya Mzee Malale, hawatazamani, wote wawili wanatazama mbele, njia ya ng'ombe.

"Malale," alisema baada ya mwendo, "huyo binti akimaliza, anarudi hapa?"

"Anarudi."

"Lini?"

Mzee Malale alimsogezea mkono Nyanzala apite katikati yao, na Nyanzala akapita, akaingia kwenye mwendo wao, naye akatazama mbele.

"Mzee wangu," alisema, "ng'ombe wako hawajambo?"

Method alivuta pumzi ndefu. Akaanza kusema habari za ng'ombe.